Tupeane uzoefu: baiskeli kwenye rafurodi za Usambara, kule Fuso hazifiki

Mtoto wa Soni
Wakuu habari za jioni. Juzi nimepita Mombo na basi la Arusha, nachungulia dirishani namwona jamaa anamalizia ule mteremko wa kutoka Soni, gunia la karoti kwenye keria, miguu kainua juu kama yuko kwenye bembea. Moyo ulinilipuka. Nimekulia Soni mimi, na ile lami nilikuwa naiogopa kuliko fimbo ya mwalimu, korongo huku, ukuta wa mawe kule, na Fuso ya kabichi inakuja nyuma inapiga honi kama umemwibia dereva. Kwa hiyo tulikuwa tunazunguka njia za nyuma, vumbi jekundu tupu, unakutana na mbuzi na kina mama wa kuni basi.

Naanza na yangu. Siku moja ya masika mvua ilinikuta upande wa Sakharani, lile tope likajaa kwenye foki mpaka gurudumu la mbele likagoma kuzunguka kabisa. Unakwangua na kijiti, hatua kumi limejaa tena. Nikaibeba begani karibu kilomita nne. Na baiskeli ilikuwa ya kuazima! Nani mwingine kapita huko?

kiazi_mviringo
Lile tope aisee. Umenikumbusha mbali.

Bi Mkubwa wa Lukozi
Mnasema "magari hayafiki" kwani mmefika huko lini mara ya mwisho? Barabara ya Magamba kwenda Lukozi siku ya soko ni Fuso, Noah, bodaboda, vumbi mpaka kwenye meno. Msidanganye watu wakaja na watoto.

Mtoto wa Soni
Mama mimi sijasema barabara kuu ya Lukozi, nimesema njia za nyuma.

Bi Mkubwa wa Lukozi
Njia ya nyuma ya mwenzio ndiyo njia ya mbele ya bodaboda.

Spoki Moja
Ukitaka kweli pasipo gari ingia msitu wa Magamba, zile barabara za zamani za kutolea magogo. Unalipia getini, ni hifadhi ile. Ndani ni kimya, mbega wanakuangalia tu juu ya miti kama wazee wa baraza. Mimi nilipita mwezi wa saba, baridi mpaka vidole havishiki breki, ukungu huoni mita ishirini. Njooni na glavu, sitanii.

Mwalimu wa Zamani
Nimesoma kimya kimya ila huyo jamaa wa karoti kanishinda, ngoja niseme.

Mwaka 2009 nilikuwa najitolea kufundisha shule moja kule Mtae. Waliofika Mtae wanajua, kijiji kimekaa ukingoni, unasimama nyuma ya nyumba ya mtu unaona nyika ya Mkomazi yote iko chini ya miguu yako. Sasa huko chini upande wa Mnazi kulikuwa na binti. Nikaitwa nikajitambulishe kwao. Gari lilikuwa limeshuka alfajiri, mimi nimechelewa kwa sababu ya kunyoosha shati kwa pasi ya mkaa, nikaazima baiskeli ya Phoenix ya fundi cherehani, nikafunga jogoo kwenye keria ndani ya tenga, zawadi ya wakwe, nikaanza kushuka.

Mwanzo raha. Upepo, ndege, "onga maundo" kwa kila ninayempita. Kona ya tatu nikasikia harufu ya mpira unaungua. Ni raba za breki, nimezibana muda wote ringi imekuwa ya moto kama kikaango. Nikasema nipumzike, nikabana zaidi, lile chuma la breki ya mbele likachomoka kwenye hendeli. Kabaki ka nyuma. Kumbe chubu ya nyuma ilikuwa na viraka vitatu, na solusheni ikipata moto inaachia, ikapiga PAAH jogoo akapiga kelele na mimi nikapiga kelele. Nikatia lapa la mguu wa kulia kwenye tairi, lapa likaliwa. Nikatia la kushoto. Likaliwa. Ikabaki kuchagua korongo au uzio wa mtu. Nikachagua uzio.

Uzio wa mnyaa.

Wasiojua mnyaa, utomvu wake mweupe ukiingia machoni ni pilipili mara mia. Sikuona tena. Nasikia watu wanakimbia, nasikia bibi anasema mshikeni asijikune, leteni mama anayenyonyesha. Akaja dada mmoja akanikamulia maziwa machoni, nimelala chali, shati la pasi limechanika mgongo mzima. Nikamwambia asante dada, naitwa fulani, nakwenda kwa mzee fulani kujitambulisha. Kukawa kimya. Kisha yule dada akasema "huyo ni baba yangu."

kiazi_mviringo
HAHAHAHA NIMEMWAGA CHAI

Spoki Moja
Shemeji kakukamulia maziwa kabla ya salamu. Hii mahari ilishavurugika hapo hapo.

Tumbili Mweupe
Jogoo je??

Nesi wa Zamu
Nimecheka ila jamani msiige. Utomvu wa mnyaa ukiingia machoni suuza kwa maji safi mengi yanayotiririka, hata robo saa nzima usiache, halafu nenda hospitali. Sio maziwa.

Mwalimu wa Zamani
Dada nesi, maji yenyewe siku hiyo yalikuwa nusu ndoo ya mbuzi.

Nesi wa Zamu
Basi hayo hayo kama ni masafi. Watu wanapoteza macho, nimewaona.

Bi Mkubwa wa Lukozi
Sisi tumekua tunatiwa maziwa na tunaona mpaka leo. Mnataka kutufuta na vyeti vyenu.

Nesi wa Zamu
Waliopofuka hawapo hapa kusoma uzi, mama yangu.

Mtoto wa Soni
Jamani uzi ni wa baiskeli 🙏

Mkwezi wa Muheza
Basi niwarudishe. Nyie wa Magharibi mnajisifu, njooni Usambara Mashariki, Amani. Unatoka Muheza mpaka Sigi taratibu, pale kuna stesheni ya zamani ya reli ya Wajerumani, unapumua, unakunywa maji, halafu ndiyo unapanda sasa, kona juu ya kona, msitu umefunga juu kama dari. Ukifika juu unatafuta njia za mashamba ya chai, Monga, Kwamkoro, Bulwa. Hizo ndizo zimetulia, gari utakalokutana nalo ni trekta la majani basi. Utelezi lakini! Amani mvua haisomi kalenda, masika imeisha huku chini kule inanyesha tu.

Nusu Panda Nusu Kokota
Mimi Sigi mpaka Amani nimepanda mara sita.

Tumbili Mweupe
Umepanda au umekokota? Tuseme ukweli.

Nusu Panda Nusu Kokota
Soma jina langu.

Spoki Moja
Kukokota sio kuendesha. Hapo ulitembeza baiskeli kama mbwa.

Nusu Panda Nusu Kokota
Na wewe mwenye giya ishirini na moja ulipandishwa na giya, tuache.

Mbeba Boksi wa Alpi
Niko kaskazini mwa Italia huku, nimesoma hiyo ya stesheni ya Sigi roho imeniuma. Huku kulikuwa na treni ndogo ya milimani kupita Dobbiaco na Cortina, ikafungwa 1964, wakang'oa reli na ile njia yake ikawa ya baiskeli. Changarawe safi, inapita kwenye mahandaki na madaraja ya treni, na kwa sababu treni haiwezi mlima mkali basi mteremko wenyewe ni mlaini, bibi wa miaka sabini anakupita anakusalimia. Sasa ile njia ya Tengeni mpaka Sigi ambayo Wajerumani walijenga kubebea mbao si ingekuwa hivyo hivyo?

Mkwezi wa Muheza
Ndugu, huku reli ikifa njia inakuwa shamba la mtu kabla chuma hakijapoa.

Mjukuu wa Shume
Babu alikuwa anatuhadithia ule waya wa Wajerumani wa kushushia mbao kutoka Shume mpaka Mkumbara, zinapita hewani. Mwalimu angeshukia kule na jogoo wake angefika na malapa yake yote.

Kijana Anauliza
Mimi nataka kuja Agosti, Lushoto, Irente, halafu nizunguke mpaka Mtae siku tatu. Sijawahi milima. Tairi nijaze upepo au nipunguze? Breki ya mbele au ya nyuma?

Spoki Moja
Punguza upepo, tairi inashika changarawe vizuri.

Nusu Panda Nusu Kokota
Usipunguze! Mawe ya kule yanabana chubu kwenye ringi, unapata pancha mbili mbili kama meno ya nyoka. Jaza.

Mkwezi wa Muheza
Breki ya nyuma tu, ya mbele itakurusha.

Spoki Moja
Ya nyuma tu kwenye mteremko mrefu ndo hiyo inachemka kama ya mwalimu. Bana hii achia, bana hii achia, zipishane. Na simama ringi ipoe, nenda kanunue matunda, zungumza na watu, haraka ya nini.

Bi Mkubwa wa Lukozi
Panda Noah mwanangu.

Tumbili Mweupe
JOGOO JE? Watu wazima tunasubiri hapa.

Mwalimu wa Zamani
Samahani nilikuwa kazini. Jogoo alitoka hana hata mkwaruzo, akakamatwa kwenye mihogo. Akachinjwa jioni ile ile. Mimi nimefungwa kitambaa machoni, nikawekewa paja mkononi nikaambiwa kula, hili la jogoo wako. Na lile la fundi cherehani, nilimlipa ringi, chubu na hendeli, mshahara wenyewe sina.

Tumbili Mweupe
Na binti?

Mwalimu wa Zamani
Hilo mke wangu anaweza kupita hapa, niache.

kiazi_mviringo
Kwa hiyo siye 😂

Kijana Anauliza
Kwa hiyo tairi nijaze au nipunguze?