Hedhi isiyo na mpangilio, PCOS na kutafuta mtoto: niamini kipimo kipi?

NeemaDom aliuliza:

Habari zenu ndugu zangu. Nina umri wa miaka 29, ninaishi Dodoma, na mimi na mume wangu tumekuwa tukitafuta mtoto kwa zaidi ya mwaka mmoja. Hedhi yangu haijawahi kuwa na mpangilio tangu nilipovunja ungo: mara huja baada ya siku 35, mara hupita miezi miwili sijaona chochote, na inapokuja huwa nzito. Nina chunusi, na kidevuni huota vinyweleo vigumu ambavyo huving'oa kwa kibanio kila wiki. Ultrasaundi ilionyesha ovari zenye vijifuko vingi vidogo, na daktari akasema hiyo ni PCOS, yaani hitilafu ya homoni inayoambatana na ovari zenye vijifuko vingi.

Kinachonisumbua ni kwamba nilipimwa projesteroni (homoni inayopanda baada ya yai kutoka) siku ya 21 tangu hedhi ianze, ikaonekana iko chini, nikaambiwa kwamba mayai yangu hayapevuki kabisa. Wakati huohuo, vile vipimo vya mkojo vya kutambua siku za hatari vinanionyesha mistari miwili iliyokolea siku nyingi mfululizo. Wifi yangu ananihimiza nitumie dawa za kusafisha kizazi na kuyeyusha uvimbe. Mume wangu hajapimwa, kwa sababu kila mtu ameshaamua kwamba tatizo ni langu. Naomba mwenye uelewa anisaidie.

MuuguziWaTanga alijibu:

Dada Neema, pole sana. Nimehudumu katika kliniki ya magonjwa ya wanawake kwa muda mrefu, na suala hili la siku ya 21 limewaliza wanawake wengi bila sababu.

Siku ya 21 inamfaa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28, ambaye yai lake hupevuka karibu na siku ya 14, kwa kuwa projesteroni hufikia kilele takriban siku saba baada ya yai kutoka. Kinachorefuka katika mzunguko mrefu ni kipindi cha kabla ya yai kupevuka. Kipindi cha baada ya hapo hakibadiliki sana, huwa ni wiki mbili hivi. Kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 42 huenda yai lake likapevuka siku ya 28, na damu yake ingepaswa kuchukuliwa siku ya 35. Majibu yako yanaonyesha tu kwamba hadi wakati ule yai lilikuwa bado halijatoka. Mwombe daktari kipimo kirudiwe kila wiki kuanzia wakati huo hadi hedhi ifike, ndipo mtajua kama katika mzunguko huo yai limepevuka au la.

Vipimo vya mkojo hutafuta homoni ya LH, ambayo kwa kawaida hupanda ghafla siku moja au mbili kabla ya yai kutoka. Wengi wenye PCOS wana LH iliyo juu wakati wote, hivyo mistari miwili kwako inaweza isimaanishe chochote. Kukutana na mumeo kila baada ya siku mbili au tatu, mwezi mzima, kunawaondolea mzigo wa kuhesabu.

Kuhusu uvimbe, naomba nisisitize: vile vijifuko si uvimbe wa kuyeyushwa. Ni vifuko vyenye mayai machanga vilivyoanza kukua vikasimama njiani, mara nyingi kwa sababu insulini (homoni ya kudhibiti sukari) iliyozidi mwilini huichochea ovari kutengeneza homoni za kiume kwa wingi. Hakuna cha kusafisha, na dawa zinazouzwa kwa jina hilo mitandaoni mara nyingi hazielezi hata kilichomo ndani yake. Nakuomba usizinywe. Hakikisha pia umepimwa tezi ya shingo, homoni ya prolaktini na sukari, maana hitilafu ya tezi au prolaktini huvuruga hedhi vilevile na matibabu yake ni tofauti.

Tena, ikipita miezi mitatu bila hedhi, usisubiri. Pima ujauzito, na ukikosekana, mwone daktari akupe vidonge vya kuileta damu, kwa sababu ukuta wa mji wa mimba ukiendelea kunenepa bila kutoka huweza kuleta madhara makubwa baadaye.

MamaWawili alijibu:

Mdogo wangu, nina PCOS na watoto wangu wawili nimewapata kwa msaada wa letrozoli, dawa ya kuchochea yai kupevuka. Hunywewa siku tano tu mwanzoni mwa mzunguko, kisha unafuatiliwa kwa ultrasaundi kuona kama kifuko cha yai kinakua. Zamani dawa ya kwanza ilikuwa klomifeni, lakini utafiti wa Marekani wa mwaka 2014 uliohusisha wanawake 750 wenye PCOS ulionyesha kwamba waliojifungua mtoto hai walikuwa asilimia 27.5 kwa letrozoli na 19.1 kwa klomifeni, na mwongozo wa kimataifa wa 2023 unaitanguliza letrozoli. Usiinunue mwenyewe dukani. Mimi daktari alikataa kuniandikia hadi nilipopigwa picha ya mirija ya uzazi, kwa sababu mirija ikiwa imeziba, yai hata likipevuka halikutani na mbegu. Kama una uzito uliozidi, kupungua hata asilimia 5 hadi 10 huwasaidia wengine kurejesha hedhi. Kama huna, usijinyime chakula.

BabaJunior alijibu:

Shemeji, mumeo apimwe mapema. Mimi nilipopimwa ndipo ilipobainika kwamba mbegu zangu zilikuwa chache, baada ya mke wangu kumezeshwa dawa kwa muda mrefu. Atakaa siku mbili hadi saba bila kutoa manii, na sampuli ifike maabara ndani ya saa moja ikiwa haijapoa. Mwambie kwamba kipimo hiki ni chepesi kuliko vyote ulivyopitia wewe.

NeemaDom aliandika:

Asanteni mno. Mume wangu amesoma majibu haya pamoja nami na amekubali kwenda. Swali moja la mwisho: kuna kitu ninachoweza kuanza sasa, kabla ya kumwona daktari?

MuuguziWaTanga alijibu:

Asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, kwa kuwa uti wa mgongo wa mtoto huundwa katika wiki za mwanzo kabisa, kabla wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Mweleze daktari kama una kisukari au unatumia dawa za kifafa, kwani hapo dozi huwa kubwa zaidi. Pia andika tarehe ya kwanza ya kila hedhi uliyoipata mwaka huu, ukaende na karatasi hiyo.