Makochi niliyolipia yapelekwe dampo nimeyakuta mto Themi. Friji na godoro vilivyobaki nivipeleke wapi?

mama_wa_Lemara

Wadau wa Arusha habari za jioni. Naombeni mawazo maana hili jambo limeninyima usingizi toka Jumatatu.

Mama yangu mzazi amehamia kwa kaka mkubwa Babati, miguu inamsumbua, kwa hiyo nyumba ya Lemara nimebaki nayo mimi na wanangu. Ina vitu vya tangu sisi wadogo. Makochi ya mbao yale mazito ya zamani, matatu, moja limevunjika mguu na mengine panya wameingia mpaka ndani wakazaliana, godoro la springi la futi sita ambalo lilinyeshewa bati lilipovuja, na friji ambalo lina miaka mingi haligandishi chochote. Hivi vitu hata kumpa mtu bure unaona aibu. Nikaanza na gari la taka linalopita kwetu, vijana wakaniambia dada sisi tunabeba viroba, hilo kochi likiingia humu taka za mtaa mzima tutaziweka wapi. Nikawaelewa, kweli lile gari likifika kwetu lishajaa. Ofisi ya mtaa wakaniambia nitafute usafiri mwenyewe nipeleke dampo Muriet. Usafiri gani sasa, mimi nauza vitenge, gari sina, na sijui hata ukifika pale unaanzia kwa nani.

Ndo akapita chalii mmoja na guta la kukanyaga, akasema mama nipe elfu kumi na tano yote yanaenda dampo saivi. Nikampa, nikamwongezea na buku mbili ya maji maana jua lilikuwa kali. Akapiga safari mbili, ya kwanza alirudi ndani ya dakika ishirini na mimi wala sikujiuliza guta limefikaje Muriet na kurudi kwa dakika ishirini.

Jumatatu asubuhi nampeleka mdogo shule tunakatiza kwenye kidaraja cha Themi, mtoto akasimama akaniambia mama ona kochi la bibi. Nikachungulia, ni lenyewe, kile kitambaa cha maua ya kahawia hakuna mwingine anacho. Moja limekaa katikati ya maji miguu juu, mawili yako ukingoni yamelalia pampasi na matairi ya watu. Chini yake kidogo kuna mama analima mchicha na figiri, anachota maji hapohapo kumwagilia. Niliishiwa nguvu kabisa.

Sasa yale ya mtoni nayatoaje, na hili friji na godoro nivipeleke wapi ili nisirudie kosa? Na bei halali ni shilingi ngapi?

kirikuu_Sakina

Pole sana dada. Mimi nina kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kazi ya kuhamisha watu na kubeba mizigo ndo inanilisha, kwa hiyo ngoja nikwambie hesabu ilivyo. Kwa mzigo kama wako mimi naanzia elfu arobaini mpaka Muriet na wateja wengi wananiona mwizi. Lakini hapo kuna mafuta ya kwenda na kurudi, kuna kijana wa kunisaidia kupakia na kushusha, na kuna muda, maana wakati wa masika njia ya kule ndani inakuwa tope na nikikwama siku nzima imekufa. Mtu akikwambia kumi na tano na guta la kukanyaga, hiyo pesa haifiki dampo hata angetaka. Inaishia kwenye korongo la kwanza ambalo halina nyumba karibu.

Kwa hiyo siku nyingine panda mbele kaa na dereva, au mtume mtu mzima unayemwamini aende na gari. Lipa nusu wakati wa kupakia na nusu mkishashusha. Dereva anayekataa abiria kwenye safari ya dampo mwache aende. Na kabla ya kupakia pita ofisi ya kata umuulize bwana afya kama kuna cha kulipia kule na kama wanapokea friji, usije ukafika getini ukaanza kuhangaika.

Yule chalii usimchukie sana. Kasukuma makochi mazito peke yake kwenye jua kwa elfu kumi na saba. Ila alichofanya ni kibaya na inabidi aambiwe.

choma_chuma

Mnajisumbua bure, godoro lile mwaga mafuta ya taa kidogo usiku piga kiberiti, asubuhi unaokota springi unauza. Mbona ndo watu wote wanafanya

mama_K_Sombetini

@choma_chuma hapana jamani hapana. Jirani yetu alichoma godoro uani saa tatu usiku, mwanangu ana pumu, tulilala hospitali siku mbili. Ule moshi mweusi wa sponji sio kama wa majani, una kaboni monoksaidi na una sianidi ndani yake, na kwenye viwanja vyetu hivi vya kubanana moshi unaingia moja kwa moja dirishani kwa mwenzio. Dada wa Lemara usithubutu.

fundi_sofa_Kwamrombo

Naona kila mtu anaongelea kulibeba kochi likiwa zima, hapo ndo tatizo linapoanzia. Kochi zima ni mzigo, kochi lililofumuliwa ni vitu vitano tofauti na karibu vyote vina mwenyewe. Mimi nafanya hii kazi mwaka wa kumi na nne.

Unaanza na kitambaa, kata kwa wembe kwa chini kule kwenye gunia, vuta, misumari midogo itatoka nacho. Kitambaa kikiwa kichafu cha panya hicho ni taka kweli, kiingie kwenye kiroba. Sponji iangalie, kama haijaoza na haijakojolewa na panya inafuliwa, inaanikwa juani mpaka ikauke kabisa, inakatwakatwa vipande vidogo, kuna kinamama wanajazia mito ya kuuza sokoni. Ikiwa imeoza usimpe mtu, kiroba. Springi na mikanda ya chuma unaweka pembeni, hao wanaopita na mizani ya chuma chakavu wanachukua hata kilo tatu. Halafu fremu. Ukisema makochi ya zamani ya mbao nzito moyo wangu unaruka, kama ni mninga au mkongo hiyo mbao ni bora kuliko ninayonunua leo dukani, saivi fremu nyingi ni saiprasi au mirunda tu imefunikwa kitambaa kizuri. Mimi mwenyewe ningeinunua. Hata yale ya mtoni, mbao ngumu haiozi kwa wiki moja, ikitolewa ikaanikwa kivulini taratibu inarudi kazini. Usianike juani itapasuka.

Angalizo moja kwa wanaopeleka fremu kwa mama ntilie wakapikie: mbao yenye vanishi au rangi isichomwe kwenye chakula. Tafadhali.

Godoro la springi ni kitu kilekile. Mkasi, glavu, na kitambaa puani maana vumbi lake sio la mchezo. Ukimaliza unabaki na roli la waya kwa mtu wa chuma na viroba viwili vitatu vya matambara, na hivyo gari la taka linabeba kama wiki yoyote ile. Masaa mawili watu wawili.

barafu_fundi

Kwenye friji niingie mimi. Watu wa chuma chakavu wanachotaka pale ni kompresa na zile bomba za shaba, wakifika wanakata kwa msumeno papo hapo na gesi yote inatoka hewani. Friji za zamani sana zina gesi ya R12, ile ndo inayokula tabaka la ozoni. Zilizokuja baadaye zina R134a, ozoni haigusi lakini inaongeza joto duniani vibaya sana. Na mpya kabisa zina R600a ambayo inawaka, ni ndugu wa gesi ya kupikia, ukikata bomba karibu na jiko au mtu anavuta sigara unaweza kuungua. Soma kibandiko kidogo nyuma karibu na kompresa, imeandikwa pale.

Kwa hiyo usiliuze kwa mizani. Liuze zima kwa fundi friji mwenye mashine ya kuvuta gesi, muulize kabisa fundi unayo mashine au utaachia hewani, akibabaika nenda kwa mwingine. Hata kama kompresa imekufa kuna mlango, kuna raba ya mlango, kuna themostati, shelfu, vyote ni spea. Usitegemee hela nyingi, ila atakuja kubeba mwenyewe na huo ndo usafiri uliokuwa unautafuta.

Na leo hiihii, kabla ya kulala, toa mlango. Bisibisi tu, bawaba ya juu na ya chini. Una watoto, friji likikaa barazani mtoto anaingia kujificha, mlango unabana, ndani hakuna hewa na hata akipiga kelele husikii. Hili nalisema kwa kila mteja na nitaendelea kulisema.

dada_wa_Pasua

Nawasoma kutoka Moshi. Huku tunasifiwa kwa usafi na ni kweli watu wanaogopa, faini ya 50,000 kwa kutupa taka ovyo kila aliyekulia hapa anaijua toka utoto, ukidondosha ganda la ndizi stendi mtu baki anakwambia okota. Lakini faini inakamata ganda la ndizi mchana. Godoro linatembea usiku. Mimi nimeona godoro na masinki kingoni mwa mto Karanga kwa macho yangu, yaani mji msafi katikati halafu mtoni ndo stoo yetu. Kwa sababu huku nako ukiuliza kochi nalipeleka wapi unapata majibu kama ya dada, jitegemee.

Na wa Arusha msidhani ya Themi yanabaki Arusha. Themi inaingia Kikuletwa, Karanga yetu inaingia Weruweru nayo inaenda Kikuletwa hukohuko, maji yote yanakutana bwawa la Nyumba ya Mungu, wavuvi wa kule wanavuta nyavu zinatoka na taka zetu za miji miwili. Baba yangu mdogo anavua kule.

mjumbe_mstaafu

Watoto wangu hamjambo. Nimekuwa mjumbe miaka mingi kwa hiyo niseme la upande huo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ipo toka 2004 na inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka mtoni, sembuse kutupa kochi. Mama Lemara usikae kimya ukaogopa kushtakiwa, nenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa mtaa umweleze kama ulivyotueleza hapa, aliyekuja kusema mwenyewe anasaidiwa.

Halafu tuna Jumamosi ya mwisho wa mwezi ya usafi, iliyoanza baada ya ile sikukuu ya Uhuru, Disemba 9 ya 2015, tulipofagia badala ya gwaride. Kila mwezi tunafyeka majani na kuzibua mitaro, vizuri. Ila sijaona mtaa unaosema mwezi huu leteni makochi na magodoro barabarani, tunachangishana, canter moja inapita inabeba yote mpaka dampo. Nyumba ishirini zikitoa elfu tano tano ni laki moja, mtu wa kirikuu hapo juu atuambie kama laki moja haitoshi canter. Hilo halihitaji barua kutoka juu, ni kikao cha mtaa.

kirikuu_Sakina

Shikamoo mzee. Kwa hapa mjini inatosha, hata mimi naweza kumtafuta mwenye canter, na mtu wa mtaa akae mbele na dereva.

mama_wa_Lemara

Shikamoo mzee, na asanteni wote, nimesoma kila neno. Nawapa mrejesho.

Jana nilienda kwa mwenyekiti nikamweleza. Alinyamaza kidogo halafu akasema hata mke wake alitoa godoro mwaka jana na hajui liliishia wapi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunashuka mtoni na kamba, vijana wanne wamekubali, na yule mama wa mchicha kasema atatupikia chai. Hoja ya canter inaingia kikao cha Alhamisi, nitaisimamia mimi.

Yule chalii wa guta nilimvizia stendi ya bodaboda. Hakukana. Alisema mama kule ni mbali, na mimi sijala toka asubuhi. Nimemwambia Jumamosi aje na guta lake, kochi likitolewa atalibeba mpaka kwa fundi wa Kwamrombo na safari hii namlipa ya kutosha na tunatembea wote kwa miguu mpaka pale. Kasema atakuja.

@fundi_sofa_Kwamrombo nimekwangua mguu uliovunjika uliobaki hapa nyumbani, ndani ni mwekundu wenye mistari ya giza. Ni mninga huo?

@barafu_fundi mlango nimeutoa juzi usiku, uko chini ya kitanda changu. Kibandiko kimefutika nusu, naona R13 halafu basi.