Rekodi za matamasha: mbona piano inazifunika fidla na selo?

Sikio_la_Usiku

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wenye uzoefu.

Kwa muda sasa nimezama kwenye muziki wa chemba (wa kundi dogo la wapigaji) wenye piano: trio ya watu watatu, kwarteti ya wanne na kwinteti ya watano, za watunzi kina Schubert, Schumann, Brahms na Dvořák. Nilianza na rekodi za studio, baadaye nikaingia kwenye zile zilizochukuliwa mubashara kwenye matamasha, hasa maboksi ya CD ya mpiga piano Martha Argerich na wenzake kutoka tamasha la Lugano, Uswisi. Nazipenda mno. Kuna joto mle ambalo kwenye studio sijalipata.

Ila kuna jambo linanisumbua. Chukua kwinteti ya Schumann, opasi (namba ya kazi) 44, sehemu ya kwanza. Ule mwanzo wa kishindo ukishapita, tunafika pale selo, ile kubwa ya sauti nzito, inapoteremka na tuni tamu na viola, iliyo kubwa kidogo kuliko fidla, inaijibu kwa kupanda. Kwenye rekodi yangu ya studio naisikia selo utadhani mpigaji amekaa hatua mbili kutoka kwangu. Kwenye rekodi ya tamasha selo ipo, viola ipo, lakini zote zimesimama nyuma ya piano. Na wote watano wakipiga kwa nguvu, fidla ya pili ndiyo siisikii kabisa.

Je, ni mafundi wa kurekodi walioharibu, ni mpiga piano anayezidisha nguvu, au muziki wenyewe ndivyo ulivyo? Halafu, hizi rekodi za mubashara ni za jioni moja kweli, mwanzo hadi mwisho, au nazo huungwa vipande vipande? Mwenye mapendekezo asisite. Nasikiliza kwa hedifoni nzuri, mafaili ya FLAC yasiyopunguzwa ubora, kwa hiyo sidhani kama tatizo ni vifaa.

Studio_Kwanza

Mkuu, mimi kwa muziki wa aina hii nachukua studio. Kikohozi katikati ya adajio, sehemu ya polepole, kinanitoa kabisa, na makofi yanayoangukia noti ya mwisho kabla haijafa yananiuma zaidi. Trio ya pili ya Shostakovich, ya mwaka 1944, inaanza na selo peke yake, imewekewa kizibo cha kupunguza sauti, mpigaji anagusa uzi bila kuubana hadi inatoka sauti nyembamba ya juu sana. Fidla inaingia chini yake, halafu piano chini kabisa kuliko wote. Aliiandika akimlilia rafiki yake Sollertinsky, aliyefariki Februari mwaka huohuo. Mwanzo ule nataka kuusikia mtupu, pasipo kiti kulia wala mtu kusafisha koo. Studio inanipa hivyo.

Pedali_ya_Kulia

Ndugu Sikio la Usiku, mimi ni mpiga piano, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kupiga na watu wa nyuzi, yaani wa fidla, viola na selo. Swali lako ndilo ninaloishi nalo, kwa hiyo mnivumilie nikiandika kwa kirefu.

Schumann aliandika kwinteti ile mwaka 1842, akaitunuku kwa mkewe Clara, naye ndiye aliyeipiga hadharani mara ya kwanza, Leipzig, Januari 1843. Piano aliyoizoea Clara haikuwa hii tunayoipiga leo. Ilikuwa nyepesi, nyuzi zake hazikukazwa kwa nguvu kubwa, na sauti ilikufa mapema. Ule mtindo wa kukatiza nyuzi za besi juu ya nyingine kwenye piano kubwa, watengenezaji wa piano Steinway waliupatia hataza mwaka 1859, wakati Schumann alishazikwa miaka mitatu nyuma. Leo jukwaani unakuta Steinway D: urefu sentimita 274, uzito karibu kilo 480, na nyuzi zinazoivuta fremu ya chuma kwa nguvu ya takriban tani 20 kwa jumla. Fidla nazo zimebadilika tangu wakati huo, lakini si kwa kiasi hicho. Tena Schumann hampumzishi mpiga piano. Yumo karibu kila mstari, na mara nyingi anarudia noti zilezile ambazo fidla inapiga.

Sasa linganisha na kwinteti ya Schubert ya mwaka 1819, ile inayoitwa Samaki (kwa Kiingereza Trout). Badala ya fidla mbili ana fidla moja, viola, selo na kontrabesi, chombo cha nyuzi cha sauti ya chini kabisa. Kwa kuwa kontrabesi imeshika sakafu, mkono wa kushoto wa mpiga piano hauna tena kazi ya kubeba besi. Schubert anaupandisha juu, na mara nyingi mikono yote miwili inapiga tuni ileile kwa umbali wa oktavu moja, noti zilezile, mkono mmoja chini na mwingine juu. Piano inang'aa juu, nyuzi zinapata nafasi katikati, na selo inaimba bila kusukumwa na mtu. Kwa hiyo ukikuta rekodi ya Samaki ambayo piano imefunika kila kitu, hapo lawama utaipeleka kwa mpigaji au fundi, maana Schubert ameshafanya kazi yake.

Lakini naomba usiziache rekodi za matamasha kwa sababu hiyo, na sababu yangu ndiyo hii. Studio, fundi anaweza kunipunguza. Nikizidi, tutarudia, au tutahamisha viti, au ataniteremsha kwenye mitambo. Jukwaani hakuna wa kunisaidia. Ulinganifu wote lazima utoke kwenye vidole na mguu wangu wa kulia. Rudi palepale ulipopataja, selo na viola. Usisikilize selo kwanza, sikiliza piano. Iko chini yao na akodi zake, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja. Mpigaji mzuri ataacha uzito kwenye noti moja tu ya kila akodi, nyingine ataziweka kwa kugusa tu, na pedali, kile kikanyagio kinachoacha sauti iendelee kulia, ataiinua mapema kuliko ilivyo raha yake, ili mwangwi wa piano usikae pale selo inapotaka kushuka. Hiyo ni heshima ya mtu kwa mtu, na inafanyika hapohapo, kwa sababu selo ya jioni hiyo imepumua tofauti na ya mazoezini. Nikiisikia nasisimka kila mara. Kwenye rekodi ya studio siwezi kujua kama ni mpigaji aliyempa mwenzake nafasi au ni fundi.

Na Argerich ni mfano mkubwa wa hili. Tangu miaka ya 1980 ameachana kwa kiasi kikubwa na kupiga peke yake jukwaani, na sehemu kubwa ya maisha yake ya muziki ameyaweka kwenye kupiga na wengine. Tamasha lake la Lugano lilidumu kuanzia 2002 hadi 2016, redio ya Uswisi ya lugha ya Kiitaliano ikirekodi, na CD zikitoka kampuni ya EMI, baadaye Warner. Ndiyo, ana nguvu nyingi. Ila msikilize vizuri: anaingia na noti kwa makali, kisha anaondoka mara moja. Kishindo unakisikia, lakini hakai juu ya mwenzake.

Mapendekezo: Samaki ya mpiga piano Sviatoslav Richter na Kwarteti ya Borodin, iliyorekodiwa mubashara Hohenems, Austria, Juni 1980, Georg Hörtnagel akiwa kwenye kontrabesi. Halafu tafuta rekodi za Heimbach, Ujerumani, tamasha alilolianzisha mpiga piano Lars Vogt mwaka 1998 ndani ya kituo cha umeme wa maji kilichojengwa mwaka 1905. Wanapiga kwenye ukumbi wa mitambo. Vogt alifariki Septemba 2022, na mimi bado namkumbuka kila ninapomsikia akimfuata mpiga fidla Christian Tetzlaff au Tanja, dada yake Christian, anayepiga selo. Alikuwa na sikio la kumngoja mwenzake.

Fundi_wa_Waya

Dada Pedali amemaliza upande wa wapigaji. Mimi niko upande wa maikrofoni, kwa hiyo nijibu lile la lawama.

Tazama picha yoyote ya trio jukwaani. Kifuniko cha piano kimeinuliwa kuelekea kwa watu, na fidla na selo wamekaa mbele ya kifuniko hicho. Maana yake sauti ya piano inapita vichwani mwao kwenda ukumbini, na maikrofoni yoyote utakayoweka mbele ya fidla imeshakunywa piano pia. Ukitaka kuinua fidla baadaye, unainua na piano. Wengi tunaanza na jozi moja kuu mbele na juu ya kundi. Wapo wanaotumia mpangilio wa ORTF, maikrofoni mbili zilizotenganishwa kwa sentimita 17 na kufunguliwa kwa pembe ya digrii 110. Kisha tunaongeza za karibu kwa kila chombo, kwa kiasi kidogo. Ukitegemea mno hizi za karibu, selo inakuwa kubwa kuliko mtu mwenyewe na ukumbi unapotea. Studio naweza kuwaambia wakae duara, wamtazame mpiga piano. Kwenye tamasha viti vimepangwa kwa ajili ya waliolipa kiingilio, na maikrofoni hairuhusiwi kuwaziba macho.

Sasa kuhusu kuunga. Matangazo ya redio ya moja kwa moja ni jioni ileile kama ilivyokuwa. CD inayoandikwa "mubashara" mara nyingi ni mchanganyiko: tunarekodi mazoezi ya mwisho na onyesho lenyewe, kama wanarudia kesho yake tunachukua na hiyo, na wakati mwingine watu wakishaondoka wapigaji wanabaki kidogo kurudia sehemu zenye kasoro. Sioni ubaya, mradi uti wa mgongo ni onyesho.

Ukitaka kuvumbua mahali pa kuunga, fuata mkia wa sauti, yaani mwangwi unaobaki noti ikishapigwa. Ukumbi uliojaa watu hunyonya sauti za juu. Nguo na miili inazimeza. Ukumbi mtupu hauzimezi. Kwa hiyo kipande cha mazoezini kikiingizwa katikati ya onyesho, noti ikiachwa hewani mkia wake unakuwa mrefu na wenye kung'aa kidogo kuliko wa sekunde chache zilizopita. Kwa hedifoni zako utausikia, hasa pale piano inapopiga akodi fupi na kufuatiwa na kimya. Mafundi hodari hukatia kwenye kelele, ambako mkia haupo, ndiyo maana hutawakamata kirahisi.

Jingine ambalo wasikilizaji hawalifikirii ni joto. Taa na watu vinapandisha joto la ukumbi, nyuzi za fidla zinahama, wao wanarekebisha kati ya sehemu na sehemu. Piano haiwezi. Ilityuniwa mchana na lazima wote waifuate hadi mapumziko, ambapo fundi wake anaweza kupanda kuigusa tena. Ukisikia mwishoni mwa kipindi fidla na piano zinavutana kidogo kwenye noti za juu, ni hilo.

Studio_Kwanza

Nimesoma vyote na nashukuru, hasa la mkia wa sauti. Bado nabaki na studio kwa Shostakovich. Kile kimya cha mwanzo sikiuzi.

Sikio_la_Usiku

Dada Pedali na Fundi, Mungu awabariki. Nimerudi kwenye Schumann nikasikiliza piano kama nilivyoelekezwa. Kumbe akodi zile zina safu, moja mbele na nyingine nyuma, na mimi nilikuwa naisikia piano kama kitu kimoja kizito. Selo bado iko mbali kuliko ya studio, lakini sasa najua imekaa wapi.

Nina moja la nyongeza. Samaki ya Hohenems nimeipata. Nianzie wapi kusikia hiyo mikono miwili ya oktavu?

Pedali_ya_Kulia

Nenda moja kwa moja sehemu ya nne, ile ya mabadiliko juu ya tuni ya wimbo wa Samaki, ambapo tuni ileile inarudi kila mara kwa sura mpya. Mwanzoni nyuzi zinaitoa tuni peke yake, piano imenyamaza kabisa. Hapo zoea sauti ya kila mmoja wao na alipokaa. Badiliko la kwanza linapoanza, piano inaingia na tuni, mikono yote miwili ikienda pamoja kwa oktavu, wazi na nyepesi. Sikiliza Richter anavyoingia bila kumsogeza mtu yeyote. Kisha vumilia hadi badiliko la tano, ambapo selo ndiyo inayopewa kuimba, na uniambie kama piano imekuzuia kuisikia.