Viti sita vya Denmark, muuzaji anasema ni vya Wegner: nitathibitishaje aliyevibuni na aliyevitengeneza?

Binti wa Muheza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaishi Odense, Denmark, kwa mwaka wa nne sasa, na wiki iliyopita nilinunua viti sita vya meza ya chakula kwa mzee mmoja aliyekuwa akihama nyumba. Alinihakikishia kwamba ni kazi ya Hans Wegner, mbunifu maarufu wa samani wa Denmark, ila hakuwa na risiti wala karatasi yoyote, nami sikuona vyema kumbishia mtu wa umri wake sebuleni kwake.

Mbao ni mtiki. Hilo sikuhitaji kuambiwa, kwa kuwa nimekulia jirani na msitu wa mitiki wa Longuza. Viti havina mikono, egemeo lake limepinda kwa ulaini wa ajabu, na vikalio vimesukwa kwa kamba ya karatasi iliyosokotwa, ambayo katika kiti kimoja imekatika. Chini ya kila kiti kuna kisahani kidogo cha chuma, cha duara, kilichoandikwa Danish Furnituremakers' Control. Kiti kimoja kina pia alama iliyochomwa kwa moto, lakini imefifia mno.

Sina nia ya kuviuza. Ninataka kusukisha upya kilichokatika bila kukiharibu, na fundi niliyemwonyesha anashauri avipige vyote msasa juu na chini, kisha avipake vanishi. Kabla sijamkubalia, naomba mnieleze nianzie wapi kuvitambua.

Fundi Mstaafu:

Dada yangu, mzuie huyo fundi leo hii asiguse upande wa chini. Mimi niliwahi kupeleka kiti changu kwenye karakana fulani, kikarudi kinang'aa, na muhuri uliokuwa ndani ya papi ya nyuma ukawa umeondoka pamoja na vumbi la msasa. Ninacho dhana yangu kuhusu aliyekitengeneza, lakini ushahidi niliufuta kwa fedha zangu mwenyewe, na jambo hilo linaniuma hadi sasa.

Swali lako kwa hakika ni maswali mawili, na watu wengi hupotea kwa kuyachanganya. Wegner alikuwa mbunifu, na michoro yake ilitengenezwa na karakana na viwanda mbalimbali. Kile kiti chake cha duara cha 1949 kilitoka kwa Johannes Hansen wa Copenhagen, ilhali CH24, ambacho mgongo wake una umbo la herufi Y, kimekuwa kikitengenezwa na Carl Hansen & Søn tangu 1950. Kwa hiyo mtu akikwambia "hiki ni cha Wegner", muulize kilitoka karakana gani. Akishindwa kujibu, basi amekutajia jina maarufu tu.

Kisahani cha chuma hakimtaji mtu yeyote. Ni alama ya ukaguzi wa ubora, nayo iliwekwa kwenye samani za viwanda vingi vilivyotimiza masharti. Inakusaidia kujua kwamba kiti ni cha Denmark na kwamba hakikutengenezwa ovyo, basi.

Sasa geuza kiti, washa tochi na utazame upande wa ndani wa papi zinazoshika kikalio. Kwenye CH24 kamba huzunguka papi zote nne na kukutana kwa mishazari kutoka pembeni, kama mgongo wa bahasha. Ikiwa msuko wa viti vyako ni wa mistari iliyonyooka inayopishana kama mkeka, na ndani ya papi kuna safu ya vijisumari vilivyopinda kama herufi L ambavyo kamba imening'inizwa, mimi ningeanza kufikiria kiwanda cha J.L. Møller cha Aarhus. Hiyo ni dalili na si hukumu, kwa sababu wapo wengine waliosuka hivyo.

Mkazi wa Nørrebro:

Naongezea juu ya majina, maana yamewaponza wengi. Johannes Hansen, Carl Hansen na Fritz Hansen ni watengenezaji watatu tofauti; huyo wa mwisho ndiye aliyetengeneza kiti cha mbunifu Arne Jacobsen kiitwacho Sisimizi, cha 1952. Vivyo hivyo, Niels Vodder alikuwa seremala aliyetengeneza kazi za mbunifu Finn Juhl, wakati Arne Vodder alikuwa mbunifu ambaye kazi zake nyingi zilitengenezwa na kiwanda cha Sibast. Ukiona nusu ya jina kwenye muhuri, usikimbilie kuimalizia kwa kichwa chako.

Binti wa Muheza:

Ninawashukuru sana. Fundi nimemsimamisha. Misumari ya herufi L ipo, safu nzima, na msuko ni wa mkeka. Kuhusu ile alama, niliweka karatasi nyembamba juu yake nikaisugua taratibu kwa ubapa wa penseli, na yakajitokeza maneno "MADE IN DENMARK" na juu yake "ØLLER". Je, J.L. ndiye mbunifu?

Fundi Mstaafu:

Hapo umefika, na njia ya penseli umeitumia vizuri kuliko mafundi wengi. Mbunifu ni Niels Otto Møller, seremala aliyeanzisha kiwanda hicho mwaka 1944 na kukibunia viti yeye mwenyewe. Ndiyo maana kwa viti kama vyako muhuri mmoja hujibu maswali yote mawili, jambo ambalo kwa Wegner si mara zote linawezekana.

Kilichobaki ni namba, kwa kuwa Møller aliviita viti vyake kwa namba: 71 ni cha 1951, 75 cha 1954, 78 cha 1962, na vipo vingine. Piga picha ya mbele na ya ubavuni, pima kimo cha egemeo na upana wa kikalio, kisha ulinganishe na picha za faharasa ya samani ya Designmuseum Danmark iliyopo mtandaoni. Kumbuka kwamba mwaka wa ubunifu si lazima uwe mwaka wa kiti chako, kwani miundo hiyo iliendelea kutengenezwa kwa miaka mingi.

Msukaji atumie kamba ya karatasi ya unene uleule, na misumari ya zamani aiache mahali pake. Kabla hajaikata kamba iliyobaki, ipige picha juu na chini, ili apate kuhesabu mistari na kuirudia kama ilivyokuwa.