Tupeane uzoefu: viza ya kwenda kutembea Ufaransa, wewe ulipitaje?

Wakuu, heshima kwenu.

Mwaka jana mwezi wa pili niliomba viza ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) ya kwenda Ufaransa, nikanyimwa. Mwezi wa tisa nikaomba tena, nikapata. Safari ileile, Paris na Lyon siku 10. Kazi ileile, mshahara uleule. Kilichobadilika ni makaratasi, hasa taarifa ya benki.

Mara ya kwanza akaunti yangu ilikuwa inacheza kwenye laki nne miezi yote, halafu wiki moja kabla ya miadi ya kupeleka maombi kaka akaniwekea milioni nane ili nionekane ninazo. Afisa aliyeisoma taarifa hiyo hakuwa na haja ya kuniuliza kitu. Barua ya kukataliwa ikasema maelezo ya safari hayajawaridhisha na wana shaka kama nitarudi. Euro 90 za maombi hazirudishwi. Iliniuma sana, maana nina mke, watoto na shamba Mkuranga; sina mpango wa kuzamia popote.

Nikakaa miezi sita napitishia benki kila kitu, mshahara na hela ya mayai. Ufaransa wanapiga hesabu ya euro 65 kwa siku kwa aliyeweka nafasi hotelini, 120 kwa ambaye hajaweka, kwa hiyo nilijua kiasi ninachotakiwa kuonyesha. Barua ya mwajiri ikataja siku ya kuanza likizo na siku ya kurudi kazini. Bima ya matibabu ya safari ikawa ya euro 30,000, inayofanya kazi nchi zote za Schengen. Tarehe za tiketi, hoteli, bima na likizo zikasomana. Naamini hapo ndipo nilipopenyea.

Mliopita huko, tiririkeni.

Mama Vitenge:
Asante kwa uzi huu, kaka. Mimi nimejiajiri, sina mwajiri wa kuniandikia barua. Kishoka mmoja akachukua laki sita akaniletea barua ya kazi ya kampuni nisiyoijua. Usiku kucha sikulala. Asubuhi nikaichana. Wakigundua karatasi ya kughushi, hiyo peke yake inatosha kukunyima.

Nikapeleka leseni ya biashara, TIN, risiti za kodi, taarifa ya benki pamoja na ya miamala ya simu, kwa sababu wateja wangu karibu wote wanalipa kwa simu. Barua nikaandika mwenyewe ukurasa mmoja: nauza nini, duka liko mtaa gani, nani anabaki dukani nikiwa safarini. Nikapewa siku 12. Laki sita sijaiona tena hadi leo, na hao watu bado wapo, wanasubiri wengine. Waogopeni.

Pwani Mombasa:
Mimi nilialikwa na dadangu anayeishi Marseille. Msifikiri barua ya mwaliko ni ya kuandika tu na kutia sahihi. Ilibidi aende ofisi ya meya wa mji wake na vyeti vyake na uthibitisho wa nyumba, alipe euro 30, kisha angoje waidhinishe. Halafu ile yenyewe halisi, si nakala, ikatumwa kwangu Kenya. Sisi tulianza mapema, lakini bado ilitubana. Maombi hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15, na jibu laweza kufika siku 45 wakitaka kuchunguza zaidi. Anzeni na mwenyeji kwanza, miadi baadaye.

Msafiri wa Arusha:
Niongezee la baada ya kupata. SOMENI STIKA ya viza wanayobandika kwenye pasi. Yangu iliandikwa kuingia mara 01. Nilikuwa na viza ya Uingereza pia, nikapanda treni Paris hadi London kwa siku mbili. Uingereza haimo Schengen, kwa hiyo nilipotoka tu ile mara moja ikawa imekwisha. Tiketi yangu ya kurudi nyumbani ilikuwa ya kutokea Paris. Nikanunua nyingine kutoka London, karibu bei ya safari nzima, na siku hiyo nililia uwanjani mtu mzima. Ukitaka kutoka na kurudi, omba mara mbili au MULT (kuingia mara nyingi) tangu kwenye fomu, na ueleze sababu.

Jingine, stika ina tarehe za mwanzo na mwisho na pia ina idadi ya siku. Ukipewa siku 12 ndani ya kipindi cha siku 27, haki yako ni 12. Siku ya kuingia inahesabiwa, ya kutoka inahesabiwa.

Binti Kagera:
Shikamooni. Nina swali. Nataka Paris siku 4, Roma siku 5, na ndege inatua Paris. Naomba Ufaransa?

Mleta mada:
Marahaba. Hapana mdogo wangu, omba Italia, ndiko unakokaa siku nyingi. Zingelingana ndipo ungeomba kule unakoingilia. Na angalia pasi yako leo hii: iwe na kurasa mbili tupu, na iwe hai angalau miezi mitatu baada ya siku utakayotoka Ulaya.