Yule muosha makapeti amenivua nguo mbele ya mkwe

Wakuu wa Mtwara, yule jamaa wa kuosha makapeti mnamjua, sina haja ya kumtaja. Naandika huku mikono inatetemeka. Kasimama sebuleni kwangu, mama mkwe yupo pale pale kwenye kochi, kanusa kapeti, kasema: "Hiyo harufu ni ya nyumba yako, dada."

Ya nyumba yangu! Mama mkwe anasikia!

Kapeti kanirudishia limekunjwa na kufungwa nailoni, juu kavu, ndani ukilikamua unajaza pipa. Masika hii, na hewa yetu ya bahari! Kapeti likikaa na maji saa 24 hadi 48 ukungu unaanza. Hili langu halikuota ukungu, liliota shamba. Ningechomeka mihogo ingeshika. Mtoto anapiga chafya mpaka jirani anaitikia. Namwita arekebishe, anamwaga klorini: rangi imetoka mabaka, ukungu upo vilevile huko chini kwenye sponji. Ndipo ananusa, eti harufu ya nyumba yangu. Mama mkwe kashika kikombe cha chai, hanywi, ananitazama mimi!

Kijana wa Chuno: Povu lote hilo la kapeti? Mkwe kasemaje?

Mwenye uzi: Kanyamaza. Bora angesema.

Mama Shangani: Pole shoga. Mimi alinirudishia kapeti la mtu mwingine, akakataa kabisa.

Fundi Sakafu: Dada, chini ya zege waliweka nailoni? Kama hawakuweka, unyevu unapanda kutoka ardhini, litaota tu. Hiyo sponji tupa. Kapeti lianike juani pande zote mbili, na usilikung'utie ndani, vumbi la ukungu litaenea nyumba nzima.

Mwenye uzi: Kwa hiyo na wewe unasema ni nyumba yangu?

Fundi Sakafu: Sijasema hivyo.

Mwenye uzi: Umesema. Kama yeye tu.

Mzee wa Mikindani: Kapeti pwani la nini? Tandikeni mkeka. Unaufuta, unauanika, jioni unaukalia.

Kijana wa Chuno: Mzee, wageni wa harusi uwakalishe mkekani?

Mzee wa Mikindani: Babu yako alioa juu ya nini?

Binti Ligula: Angewasha feni likauke.

Mama Shangani: Feni kwa umeme upi? Jana umekatika, samaki wangu wote wameharibika.

Binti Ligula: Bora wewe ulipata samaki. Mimi pale Feri nimeuziwa changu, kufika nyumbani tumbo limejaa barafu.

Kijana wa Chuno: Nani huyo, yule wa kofia nyekundu?

Binti Ligula: Huyo huyo!