Kusuka injini ya nguvu kubwa: tupeane uzoefu wa mipango na bajeti

Mleta mada

Wakuu, habari za muda huu. Nimekaa na daftari langu la matumizi nikaona ni bora nifungue uzi huu, maana naona wengi wanajiandaa kuingia njia niliyopita mimi.

Nilikuwa na 2JZ-GE, ile injini ya Toyota ya lita 3.0 isiyo na turbo, nikataka nguvu ya farasi 500. Nikaanza kwa kununua turbo. Niliikuta kwa bei nzuri, kubwa, haijachakaa, nikajisemea hii ikipatikana mengine yatafuata. Ukurasa wa kwanza wa daftari una mistari 6: turbo, manifodi, intakula (kipoza hewa ya turbo), nozeli za mafuta, pampu ya mafuta, kompyuta ya injini. Leo mistari imefika 71. Iliyoongezeka si vyuma vikubwa. Ni mipira ya intakula na klempu zake, mabomba ya oili ya turbo, gasketi, sensa, boliti za hedi, na oili ya kwanza ambayo unaimwaga ikiwa bado mpya kabisa. Halafu klachi ikaanza kuteleza siku ileile gari lilipoonja busti, yaani presha ya turbo.

Kuna jambo nililijua nikiwa nimeshanunua: hiyo GE mgandamizo wake ni 10:1, wakati ndugu yake GTE aliyetoka kiwandani na turbo ana 8.5:1. Mgandamizo huo ulikuwa mkubwa mno kwa busti niliyoitaka, hivyo bajeti yangu ya turbo ikazaa bajeti ya pistoni, na pistoni zikazaa bajeti ya fundi wa kuchonga bloku.

Mliopita huku, leteni: ulilenga farasi wangapi, ulianzia wapi, na pesa ilikwama wapi. Naomba hesabu kabla ya picha za gari.

#2

Mkuu umenigusa. Yangu ni silinda 4, lita 2, lengo farasi 400. Nilikwama kwenye mafuta.

Nilibana pesa kwenye nozeli. Zilizokuwepo nikaziona bado nzima, nikaongeza busti tu. Kipimo cha hewa na mafuta kilikuwa kinasoma 11.6 vizuri kabisa, kufika mizunguko 6,500 kikapanda hadi 13.4, yaani mafuta hayatoshi. Nozeli zilikuwa wazi karibu muda wote, hazina tena cha kutoa. Nilikiona kwa macho yangu, na bado nikakanyaga mafuta mara mbili zaidi. Nilipofungua plagi, ya silinda ya 3 ilikuwa na vitone vidogo vinavyong'aa juu ya kaure, kama chembe za risasi ya kulehemu. Ile ilikuwa alumini ya pistoni yangu.

Hesabu ambayo ningeifanya mezani kwa dakika tano ni hii. Injini ya turbo inayotumia petroli, kadiria ratili 0.6 za mafuta kwa kila farasi kwa saa. Farasi 400 ni ratili 240. Gawa kwa nozeli 4, kila moja 60. Usiifanyishe kazi zaidi ya asilimia 80, kwa hiyo unahitaji ya ratili 75, yaani karibu cc 800 kwa dakika. Ukitaka E85 (petroli iliyochanganywa na ethanoli nyingi), ongeza kama theluthi nzima, na pampu nayo ikue.

Anza na farasi unaowataka, rudi nyuma hadi kwenye tangi. Turbo itajichagua yenyewe katikati ya hiyo hesabu.

#3

Kwangu ni ringi za pistoni. Silinda za mm 86, pistoni za kufuliwa (forged), kila kitu kipya. Fundi akazitoa ringi kwenye boksi akazivalisha moja kwa moja, nami nilikuwa nimesimama palepale. Gepu, yaani nafasi kati ya ncha mbili za ringi, nilivyokuja kupima seti ya pili iliyofanana nayo, ilikuwa mm 0.30. Kwa gari la kawaida ni sawa. Kwenye busti, ringi inapata moto, inarefuka, ncha zinakutana na hazina pa kwenda. Ilimega ukuta wa pistoni kati ya ringi ya kwanza na ya pili, kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo.

Kwa turbo wengi wanahesabu 0.006 ya kipenyo, kwangu inakuja mm 0.5 na kidogo. Ni kazi ya tupa na jioni moja. Tafadhali, kwenye bajeti andikeni mstari unaosema "kupima". Na pistoni ziwe mkononi mwa fundi kabla hajagusa bloku, maana nafasi inayotakiwa inategemea pistoni ileile utakayofunga.

#4

Mimi pesa iliisha injini ikiwa kwenye stendi. Imekaa miaka miwili. Kuta za silinda zilizochongwa vizuri zikashika kutu, nikalipa kuchonga tena. Usifungue injini kama pesa ya kuifunga haijatimia.

#5

Dada yenu hapa, nami nichangie. Nililenga 600. Nikaandika kila kitu mpaka upande wa gari: giaboksi, difu, breki, rejeta, tairi. Injini yenyewe haikufika hata nusu ya jumla. Nikashusha lengo hadi 380 na vyuma vya ndani vikabaki vya kiwandani, baada ya kupima kompresheni na kukuta silinda zote ziko karibu sawa. Nilihisi uchungu kufuta ile 600, sitawaficha. Lakini gari linatembea mwaka wa tatu sasa, na theluthi ya pesa niliyoitenga ndiyo iliyolipa kutuni, yaani kurekebisha kompyuta ya injini. Kwenye mashine ya kupima nguvu tuligundua koili mbili dhaifu, na pesa ya kuzibadili ilikuwepo.

Jambo jingine: semeni kama farasi zenu ni za kwenye krenki au kwenye magurudumu. Tofauti inaweza kufika asilimia 15, na watu wamegombana na mafundi wao kwa sababu hiyo tu.

Mleta mada

Dada wa #5, asante sana, hilo la krenki na magurudumu nimeliongeza daftarini sasa hivi.

Mkuu wa #3, bloku yangu nayo ni mm 86 na ringi zimefika jana. Ukipima gepu unaisukuma ringi hadi wapi?

#3

Geuza pistoni kichwa chini, uisukume nayo taratibu hadi kama mm 25 kutoka juu, ili ikae sawa pande zote. Ikikaa upande, kipimo kitakudanganya. Kila ringi kwenye silinda yake, na uziandike namba. Ukisaga, tupa iende upande mmoja tu, kutoka nje kuingia ndani, kisha pitisha kidole kwenye ncha kama bado inakwaruza.